Kazi ni wito? Inategemea anayesema ni nani

Kwenye makundi ya WhatsApp ya vijana waliomaliza chuo kuna picha moja haikosi kupita kila baada ya muda. Ni miduara minne iliyopandiana: unachokipenda, unachokiweza, wanachokihitaji watu, na utakacholipwa ukikifanya. Pale katikati yote minne inapokutana, unaambiwa, ndipo lilipo kusudio la maisha yako. Chini yake huandikwa kuwa hiyo ni hekima ya kale ya Wajapani. Si kweli. Aliyeichora ni Mhispania mmoja, Andrés Zuzunaga, ambaye shughuli yake ni unajimu, na mwaka 2014 Marc Winn akaibandika jina la Kijapani, ikigai, katika makala yake ya mtandaoni. Ukimuuliza mzee wa Kijapani anaishi kwa ajili ya nini, anaweza kukutajia mjukuu au bustani yake. Kulipwa si sharti.

Silitaji hili ili kuwaumbua wanaoisambaza. Picha ile inapendwa kwa sababu inagusa donda la kweli. Kijana wa Wete aliyesomea ualimu wa sayansi, akarudi nyumbani na vyeti vyake ndani ya bahasha ya nailoni, na leo anapakia abiria wa bodaboda mjini Chake Chake, ana haki kabisa ya kujiuliza kaumbiwa nini. Na akiuliza kwa sauti, atajibiwa na watu wa aina mbili.

Wa kwanza watamwambia atafute. Asikubali kuzeeka kwenye kazi isiyo yake. Hawa wana hoja, tena nzito. Zamani mtoto wa fundi jahazi alikuwa fundi jahazi na mtoto wa mwenye mikarafuu alirithi mikarafuu. Swali la kuchagua halikuwapo. Leo lipo. Mwaka 2024 pekee wageni waliofika Zanzibar walipindukia 700,000, na kwa ajili yao zimezaliwa kazi ambazo babu zetu hawakuzijua hata kwa jina. Mwenye uwezo wa kuchagua asipochagua, anachaguliwa, na aghalabu anachaguliwa na mjomba mwenye kujuana na mtu ofisini.

Mfano wanaoupenda ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab. Binti wa Fumba, mtoto wa mfinyanzi, aliyetembeza vyungu kichwani, akahamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurikodi santuri. Angaliridhika na vyungu, wanasema, nani angalimjua? Sawa. Ila inasimuliwa pia kuwa sauti yake watu waliisikia kwanza akinadi vyungu hivyohivyo. Hakujifungia chumbani kutafuta kipaji chake kisha akatoka nacho. Kilitoka mdomoni akiwa kazini, njiani, na mzigo kichwani.

Utafiti nao hauwapi ushindi wa moja kwa moja. Mwaka 1997 Amy Wrzesniewski na wenzake huko Marekani waliwauliza watu wanaionaje kazi yao: ni njia ya kupata mkate, ni ngazi ya kupandia cheo, au ni wito. Walipowatazama wasaidizi wa ofisi za chuo, watu wenye kazi moja, waligawika makundi matatu yaliyokaribia kulingana. Basi wito haukai kwenye jina la kazi. Anayehama kutoka mapokezi ya hoteli kwenda benki akitafuta maana anaweza kuibeba kiu yake mpaka kaunta ya benki.

Aina ya pili ya watu ni wazee wetu. Kazi mbi si mchezo mwema, watamwambia, na chombo cha bodaboda kinamlisha, ashukuru. Wengi wa rika langu huwakatiza hapo, wakidhani ni watu walioshindwa na maisha. Mimi naona wanasema jambo zito kuliko ile miduara. Kwao, swali la kuumbiwa nini lilishajibiwa: "Nami sikuwaumba majini na watu ila waniabudu Mimi", Adh-Dhariyat, aya ya 56. Kilichobaki ni kuitafuta riziki ya halali, na katika Bukhari tunasoma kuwa hakuna aliyekula chakula bora kuliko cha kazi ya mikono yake, na kuwa Nabii Daud alikula kwa kazi ya mikono yake. Mtu wa imani hiyo haidai kazi impe kila kitu. Anaidai imlipe.

Tazama msimu wa karafuu Pemba. Hakuna mchumaji anayetakiwa aupende mkarafuu. Ni mti mrefu, matawi yake hukatika bila ya kutoa taarifa, na hakuna msimu usiokuwa na aliyeanguka. Anapanda kwa sababu pishi inalipwa. Lakini usiku, karafuu zikishafika nyumbani, hutandikwa mkeka, na nyumba nzima hukaa kuchambua: kikonyo mkono mmoja, mwengine unazungusha karafuu dhidi ya kiganja mpaka ziachane, na vidole vinageuka vyeusi, vinanata, harufu haitoki hata kwa sabuni. Bibi anasimulia, watoto wanasinzia, jirani anaingia kuomba chumvi na hatoki tena. Ukimuuliza yeyote pale maana ya maisha, atakuona umechanganyikiwa. Maana imekaa naye mkekani. Karafuu zenyewe zitakuwa bati za nyumba, au ada ya mtoto, au sadaka ya hitima. Kumwambia mtu huyu kuwa hana kusudio kwa sababu haipendi kazi yake ni utovu wa adabu.

Udhaifu wa hoja ya wazee ni kuwa hufunga mdomo. "Shukuru" ni neno jema, ila humfaa sana anayenufaika na unyonge wako.

Kati ya pande hizi mbili kuna fikra moja tunayosomeshwa chuo cha Kurani tangu wadogo na tunaisahau pale tunapoihitaji: fardhi kifaya. Kila mtu anaijua kwenye mazishi. Maiti lazima aoshwe, asaliwe, azikwe. Wakijitokeza wa kutosha, wengine wamesalimika. Asijitokeze yeyote, mji mzima una dhambi. Wanavyuoni hawakuiacha makaburini. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliutia utabibu ndani yake, na akalalamika kuwa miji mingi haina tabibu Muislamu hata mmoja huku watu wakigombania kusoma fiqhi, ambako nafasi na vyeo vilikuwako.

Ukianzia hapo, swali linageuka. Badala ya kuuliza moyo wangu unapenda nini, ambao ukiulizwa asubuhi hujibu hivi na jioni vile, unauliza: hapa petu pana pengo gani, na je, mimi naliweza? Wahitimu wa utawala wa biashara hawahesabiki. Nenda sasa pwani ya Nungwi uwatafute wanaojua kuchonga taruma, zile mbavu za chombo, kwa tezo, au kukalafati chombo: pamba inasokotwa, inatiwa mafuta, inagongwa kwa patasi kwenye kila upenyo wa mbao, upenyo kwa upenyo, mpaka maji yakose pa kupita. Wengi ni watu wazima. Vijana wao wako hotelini, hatua chache tu kutoka hapo, wakibeba trei. (Mtu anaweza kunijibu kuwa jahazi siku hizi ni la kupandisha wageni kutazama jua likizama, kwa hivyo pengo gani hilo? Jawabu si jepesi. Ngalawa na mashua za uvuvi bado zinavuja, lakini na boti za faiba ndizo hizo zinaingia.) Pengo la mwalimu wa fizikia shamba halina mjadala kama huo, wala la mkunga.

Mimi nimeelemea huku. Pengo linaonekana na kuulizika kwa jirani, ilhali kipaji kilichofichika moyoni humweka mtu akijitafuta mpaka mvi. Lakini hapahapa ndipo penye mtego, na ndio ulionifanya niandike.

Fikra ya pengo inapoingia mdomoni mwa anayelipa, huwa kitu chengine. Waangalie walimu wa kujitolea katika skuli zetu. Kijana ana shahada, skuli haina mwalimu wa hesabu, anaombwa aje "wakati akisubiri ajira". Anakuja. Anasomesha vipindi sawa na mwenye mshahara, pengine zaidi, na mwisho wa mwezi hupewa nauli, ikipatikana. Akiuliza, anajibiwa kuwa ualimu ni wito. Maalim wa chuo cha Kurani naye miaka nenda rudi ameishi kwa ada ndogo za wanafunzi na futari ya kupelekewa, na kila mtu akimsifu kwa ikhlasi.

Wamarekani wawili, Bunderson na Thompson, mwaka 2009 walichapisha utafiti kuhusu watunzaji wa bustani za wanyama, watu ambao wengi wao wana shahada na wanalipwa kidogo kwa kazi ya kuzoa kinyesi cha tembo. Walioiona kazi ile kuwa wito walipata maana kubwa ndani yake, na hao hao ndio waliokuwa tayari zaidi kupoteza pesa na muda wao kwa ajili yake. Tajiri mwerevu hahitaji kusoma utafiti kuligundua hilo. Ila kuna sehemu ya pili isiyotajwa sana: wenye wito walikuwa pia wakali zaidi kwa uongozi, wakidai wanyama watunzwe inavyopasa. Kwetu mwalimu wa kujitolea akidai kemikali za maabara huitwa mtata. Nadhani huo ndio wito wenyewe.

Mwani unaonyesha pande zote mbili kwa pamoja. Kilimo chake cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na kikawa mikononi mwa wanawake. Bamvua likifika na maji yakatoka mbali, wanaingia na vigingi, kamba na magunia, wanainama wakifunga vipande vya mwani kwa taitai, mgongo juani, miguu ndani ya chumvi. Wanaume wengi walijaribu wakaona bei haifai, wakatoka. Wanawake wakabaki. Wapo waliojenga, waliosomesha, na kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kushika pesa isiyopita kwanza mkononi mwa mume. Ukiwasikia wakiizungumza kazi ile wanaizungumza kwa fahari, na fahari hiyo ni yao, waliitolea jasho.

Kisha anapanda mtu jukwaani, akiwa na fulana ya mradi, anawaambia kuwa kazi yao ni ukombozi. Kilo ya mwani mkavu wa spinosum, aina inayolimwa zaidi, kwa miaka mingi imekuwa ikinunuliwa kwa shilingi za mamia, bei ikipangwa na mnunuzi. Cottonii, aina nyengine ya mwani yenye bei nzuri zaidi, hufa maji yanapopata joto, na yamekuwa yakipata joto. Ukombozi wasimuliane wao kwa wao. Wa jukwaani azungumzie bei, boti za kuwafikisha kwenye maji ya kina na mashine za kusagia mwani wa sabuni.

Nitajibiwa kuwa Serikali haiwezi kuajiri wahitimu wote, kuwa kujitolea kunampa kijana uzoefu, na kuwa wapo walioajiriwa kwa sababu walikuwa tayari ndani ya skuli. Yote ni kweli, na simkatazi mtu kujitolea. Nimewaona wanaokwenda kwa furaha kuliko wenye barua za ajira. Lakini makubaliano yaandikwe kabla ya kipindi cha kwanza: atasomesha vipindi vingapi, nauli inatoka wapi, anakaa mpaka lini, na nafasi ikitoka jina lake litapelekwa na nani. Kamati za skuli zinazochangishana kumpa chochote tayari zina daftari la michango. Ukurasa mmoja zaidi hauongezi gharama.