Eti Ng'ombe wa Bandani Hapati Kupe

Juzi kwenye grupu letu la wafugaji wa huku Chanika, mtu aliweka picha ya mtamba wake amelala chini, povu linamtoka puani, tezi za chini ya sikio zimevimba kama ndimu. Ndigana kali hiyo, ugonjwa unaoletwa na kupe, haihitaji darubini. Jibu la kwanza: "Pole ndugu, hapo kuna mkono wa mtu." La pili, la msomi kabisa: "Kupe atoke wapi wakati unafugia ndani?"

Atoke wapi! Kwenye majani, ndugu yangu. Hayo unayoletewa na toyo kila asubuhi. Umeshamuuliza kijana anayafyeka wapi? Wengine hufyeka pembezoni mwa mnada wa Pugu, palepale wanapolishwa ng'ombe walioshushwa kutoka bara wakisubiri mnunuzi. Kupe jike akishiba damu anadondoka, anataga mayai maelfu ardhini, anakufa. Watoto wanapanda kwenye nyasi kuvizia. Na huyu kupe wa kahawia wa masikioni hunyonya wanyama watatu tofauti maishani. Kila akishiba anarudi chini. Aliyemnyonya ng'ombe mwenye vimelea leo, akishajivua gamba anasaka sikio jingine. Wewe unafyekewa majani naye akiwa humo, anafungwa kamba pamoja nayo, unamlipia nauli mpaka horini. Ng'ombe wa kienyeji aliyezoea kupe tangu akiwa ndama anaweza akahimili. Friesian wako wa mjini atahimili nini?

Haya, si kila mtu ana eneo la kupanda matete yake ya kulishia, viwanja vyenyewe tumebanana. Basi shika sikio la ng'ombe wako! Kupe akishang'ata, vimelea vya ndigana kali huchukua siku kadhaa kukomaa kwenye mate yake kabla ya kuambukiza. Ukipitisha vidole ndani ya masikio kila unapokwenda kukamua, una nafasi ya kumuwahi. Bure kabisa. Lakini tunaona kinyaa, kazi tunamwachia kijana wa bandani ambaye hakuna aliyewahi kumwonyesha kupe mchanga anafananaje.

Wale mnaozimua dawa ya kuogeshea ili kopo lifike mwisho wa mwezi, kisha mnalia kupe wamekuwa sugu, siku yenu inakuja.

Na chanjo ipo, ile iliyotokana na utafiti wa Muguga, Kenya. Ng'ombe anachomwa mara moja, pamoja na antibiotiki. Wafugaji wa Kimasai kule kaskazini wanachanja miaka mingi. Sisi wenye simu kubwa tunajadili uchawi. Chanjo hii haizuii ndigana baridi wala ugonjwa wa kukojoa damu, ambayo nayo huletwa na kupe, kwa hiyo bomba la kunyunyizia dawa msilitupe. Shida yake ni kwamba huja imegandishwa, dozi nyingi pamoja, na ikishayeyushwa haisubiri, ndiyo maana daktari hawezi kuja kwa ng'ombe wako wawili. Nimeanza orodha ya wanaotaka kuchanja pamoja: Chanika, Pugu, Majohe, nitumieni idadi. Mwenye ng'ombe mwenye homa asimlete, huyo hachanjwi.