Yunia: jina la kike lililobadilishwa na alama ya mkazo

Sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi husomwa mbiombio kanisani. Ni majina juu ya majina: Trifaina, Trifosa, Asinkrito, Patroba. Msomaji anajikwaa, waumini wanangoja amalize. Humo ndani, aya ya 7, Paulo anawasalimu Androniko na Yunia, jamaa zake waliofungwa pamoja naye na waliomwamini Kristo kabla yake. Biblia ya Muungano inasema hao ni "maarufu miongoni mwa mitume".

Msikilizaji wa Kiswahili hana pa kushika. "Yeye" wetu ni wa mume na mke, na Yunia si jina tunalowaita watoto wetu. Katika vipindi vya Biblia nilivyokaa, wengi huwachukulia kuwa wanaume wawili, basi. Lakini kila mjadala wa kuwawekea wanawake mikono wawe wachungaji unapozuka, aya hii hurudi mezani. Upande mmoja unasema hakuna mwanamke aliyewahi kuitwa mtume. Upande wa pili unamtaja Yunia.

Tuanze na jina lenyewe. Kwa Kigiriki, mtu anayesalimiwa hapa ameandikwa Iounian. Nakala za kale kabisa hazina alama za mkazo, vile vimstari vinavyoonyesha silabi ya kutilia nguvu. Alama ikiwekwa mahali fulani, jina ni Junia (Yunia wetu), la mwanamke. Ikisogezwa mbele silabi moja, linakuwa Junias, la mwanamume. Tofauti yote ni kimstari kimoja cha wino.

Sasa pimeni. Junia ni jina la Kirumi la kawaida. Katika maandishi ya kale yaliyopatikana Roma limehesabiwa zaidi ya mara 250. Junias wa kiume? Hayupo. Si kwamba ni wachache: hajapatikana hata mmoja, si juu ya kaburi, si katika barua. Nimelirudia hesabu hili mara nyingi na kila mara linanishangaza. Mji mzima uliojaa akina Junia, nasi tukamchagua mwanamume ambaye hakuna jiwe linalomjua! Wanaomtetea husema Junias ni kifupi cha Junianus. Majina yalifupishwa kweli, ila kifupi hiki hasa hakuna aliyekiona kikitumika.

Wakristo wa kwanza hawakuwa na shaka hiyo. Yohane Krisostomo, mhubiri wa karne ya 4 ambaye Kigiriki kilikuwa lugha yake ya nyumbani, alistaajabia hekima ya mwanamke huyu hata akahesabiwa kustahili jina la mtume. Na Krisostomo hakuwa mtetezi wa wanawake kushika uongozi wa kanisa. Alisema hivyo kwa sababu ndivyo alivyosoma. Yunia alianza kugeuzwa mwanamume baadaye, katika Ulaya ya Zama za Kati, na tafsiri ya Kijerumani ya Luther ikaimarisha usomaji huo. Mwaka 1927 toleo la Nestle la Agano Jipya la Kigiriki, lililotegemewa na watafsiri na vyuo vingi, likaweka alama ya kiume. Ya kike ilirudishwa 1998. Ni miaka 71 ya wanafunzi wa uchungaji kufundishwa jina lisilokuwepo.

Wasiokubali kwamba Yunia alikuwa mtume nao wana hoja zinazostahili heshima. Mwaka 2001 wasomi wawili wa Marekani, Michael Burer na Daniel Wallace, walikubali kwamba huenda Yunia ni mwanamke, lakini wakasema maneno ya Kigiriki yana maana ya "wanaojulikana sana kwa mitume", yaani mitume waliwafahamu tu. Kiswahili chetu kimebeba utata uleule. Ukimwita mtu "maarufu miongoni mwa wavuvi wa Bagamoyo", anaweza kuwa mvuvi hodari, au mama anayewakaangia samaki. Wengine wanakumbusha kwamba Epafrodito naye anaitwa mtume kwa Kigiriki katika Wafilipi 2:25, na pale maana ni mjumbe wa kanisa. Na 1 Timotheo 2:12, isiyompa mwanamke ruhusa ya kufundisha wala kumtawala mwanamume, bado ipo, hatuwezi kuiruka.

Hoja ya "mjumbe" naiona nzito kuliko ile ya kwanza. Ile ya kwanza inatutaka tuamini kwamba Krisostomo, aliyehubiri kwa Kigiriki maisha yake yote, hakuielewa sentensi ya lugha yake. Na hata tukikubali "mjumbe", ni mjumbe aliyefungwa gerezani kwa ajili ya Injili na aliyemtangulia Paulo katika imani.

Tena hayuko peke yake. Sura inaanza na Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, bandari ya Korintho, ambaye wengi wanaamini ndiye aliyeupeleka waraka huu Roma. Wanne wanaosifiwa hapo kwa kitenzi cha kujitahidi katika kazi, kitenzi ambacho Paulo hukitumia kwa utume wake mwenyewe, ni Mariamu, Trifaina, Trifosa na Persisi. Wote wanawake.

Aya moja haimalizi mjadala wa mikono na madhabahu, na sidai hivyo. Ninachodai ni kidogo: Biblia zetu za Kiswahili, ambazo lugha yake haiwezi kuonyesha jinsia, ziweke tanbihi ya nusu mstari chini ya aya ya 7: "Yunia: jina la kike."