Mbwa anayekuegemea hajadekezwa

Kila mbwa anapomsogelea mwenye wake na kujibanza miguuni, watu wana majibu yao tayari. Kadekezwa. Ana njaa. Anataka kumpanda bwana wake kichwani. Nayakataa yote. Mbwa anayekuja kukulalia miguuni, akakuegemezea ubavu, akapenyeza kichwa kwapani wakati umekaa kwenye kigoda, anatafuta kitu anachokihitaji kama anavyohitaji maji. Na kwa jinsi wengi wetu tunavyofuga mbwa huku kwetu, hicho ndicho tunachomnyima kuliko vyote.

Tunafugaje? Kutwa nzima yuko bandani au kwenye mnyororo. Usiku, geti likishafungwa, anafunguliwa abweke. Kukipambazuka anarudishwa bandani na kumwagiwa ukoko wa ugali na mifupa iliyobaki. Ukutani kuna kibao cha "Mbwa Mkali". Mkono wa binadamu haumgusi, isipokuwa siku ya kupigwa au ya kuvutwa kwa kamba. Halafu siku akipata upenyo, akamrukia mtu kwa furaha na kumwekea miguu ya mbele kifuani, tunasema mbwa huyu hana adabu.

Ili kumwelewa inabidi kuanzia alikoanzia yeye. Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni wala hasikii. Macho hufunguka baada ya wiki mbili hivi, na katika siku hizo za mwanzo mwili wake hauwezi kujitunzia joto. Mama yake ana joto la kati ya nyuzi 38 na 39, na hilo ndilo blanketi lake. Kichanga kikiachwa peke yake usiku wa baridi kinaweza kufa hata kama kimenyonya kikashiba. Mimi naishi Iringa, ambako mwezi wa saba baridi inapenya mpaka mifupani, na jike letu lilizalia nyuma ya jiko, kwenye gunia kuukuu. Nilikuwa nawatazama wale watoto kila nikienda kuchukua kuni. Wanalala wamerundikana. Wa juu anateleza, anaangukia pembeni, na papo hapo anaanza kulia kwa sauti nyembamba. Anatambaa kwa tumbo, kichwa kikipepesuka kushoto na kulia, pua mbele, mpaka iguse mwili wa mwenzake. Ikigusa tu, kilio kinakatika. Hasubiri hata aingie katikati.

Hiyo pua ina kazi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund cha Uswidi na wenzao wa Budapest, Hungaria, walionyesha kuwa ncha ya pua ya mbwa, ile yenye unyevu na ubaridi, inahisi hata joto hafifu linalotoka kwenye kitu kisichoguswa. Kwa hiyo kabla mbwa hajaona nuru ya dunia, ameshajua kwamba mwili wa mwenzake ni usalama.

Lakini joto peke yake halitoshi kueleza mambo. Nenda Dar es Salaam mwezi wa pili, watu wanatiririka jasho, na bado utakuta mbwa kalala sakafuni, mgongo umegusa kisigino cha mtu. Huyo hatafuti joto.

Jibu ninaloliamini lilianza kutafutwa hapa hapa Afrika Mashariki, na kwa watoto wa binadamu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akawa anawatembelea akina mama wa Kiganda katika vijiji vya jirani na Kampala. Alikaa nao majumbani akitazama watoto wachanga wanavyoishi na mama zao. Aliona jambo ambalo mama yeyote wa kwetu angemweleza, ila yeye aliliandika kwa makini: mtoto anayejua mama yupo ndiye anayethubutu kutambaa mbali. Anakwenda, anachezea kifuniko, anageuka kumwangalia mama, anarudi kumshika goti, anakwenda tena. Goti la mama linampa ujasiri wa kwenda mbali. Baadaye, akiwa Baltimore, Marekani, Ainsworth alitunga jaribio lenye mpangilio: mtoto na mama wanaingizwa chumba kigeni, mgeni anaingia, mama anatoka, kisha anarudi. Kinachopimwa hasa ni namna mtoto anavyompokea mama akirudi.

Mwaka 1998, huko Budapest, watafiti wakiongozwa na József Topál walilichukua jaribio hilo hilo wakaliweka kwa mbwa 51 na wenye wao. Mwenye mbwa alipokuwepo, mbwa alicheza na kukagua chumba. Alipotoka, mbwa alikwenda kusimama mlangoni. Aliporudi, mbwa alimkimbilia na kumgusa haraka zaidi, na kwa muda mrefu zaidi, kuliko alivyomfanyia mgeni. Kwa ufupi, alifanya kama wale watoto wa Kiganda.

Tangu nisome habari hiyo, sitazami mwenendo wa mbwa wetu Tomi kwa jicho lile la zamani. Nikiwa nachambua maharage uwanjani, anakwenda mpaka kwenye ua, ananusa, anasikiliza pikipiki inayopita barabarani, kisha anarudi. Hali kitu, haombi kitu. Anaegemeza bega kwenye muundi wangu, uzito wote, nauhisi mguu ukisukumwa. Anatulia pumzi kadhaa, halafu anaondoka tena kwenda kwenye ua. Wanaosema anadai chakula hawajamtazama mpaka mwisho.

Na mwilini mwake kuna jambo linatendeka. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Afrika Kusini, Odendaal na Meintjes, walichapisha vipimo vya damu vya watu na mbwa, kabla na baada ya mtu kukaa akimpapasa mbwa kwa utulivu. Homoni ya oksitosini, ile inayopanda kwa mama anaponyonyesha, ilipanda kwa pande zote mbili, kwa mtu na kwa mbwa. Shinikizo la damu likashuka. Miaka 12 baadaye Wajapani wakaonyesha kwamba hata kutazamana machoni kwa muda mrefu kunafanya kazi hiyo: mbwa anamtazama mwenye wake, oksitosini ya mtu inapanda, mtu anampapasa, ya mbwa nayo inapanda. Mbwa mwitu (wolf, si wale wa mbugani kwetu) waliolelewa na watu hawakuwa hivyo. Hilo ni la kuzingatia sana. Kulelewa kwa mkono peke yake hakumfanyi mnyama kuwa mbwa. Kuna kilichobadilika katika damu yake kwa maelfu ya miaka ya kuishi nasi. Huko Ain Mallaha, kaskazini mwa Israeli, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kaburi la miaka ipatayo 12,000, na mtu aliyezikwa humo mkono wake umelazwa juu ya mwili wa mtoto wa mbwa.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la chakula, maana ndilo linalorudiwa kila baraza. "Mbwa anafuata tonge," wanasema. Basi tuwatazame mbwa ambao tonge ni shida yao ya kila siku. Huko Bengali ya Magharibi, India, timu ya Anindita Bhadra imewachunguza mbwa wa mitaani kwa miaka mingi, mbwa koko kama wa kwetu, wanaoishi majalalani na kufukuzwa kwa mawe. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2017, mtu mgeni alijenga uhusiano na baadhi ya mbwa kwa kuwapa chakula, na wengine kwa kuwapapasa kichwani. Muda ulivyokwenda, waliopapaswa ndio waliomwamini zaidi na kumsogelea upesi. Mbwa wenye njaa! Na Marekani, Feuerbacher na Wynne waligundua kwamba mbwa hakinai kupapaswa, bali kusifiwa kwa mdomo tu, "mbwa mzuri, mbwa mzuri", hakukumvuta kuliko kukaa kimya. Mkono ndio unaosema naye.

Nikipita stendi nikamwona mbwa koko amelala kando ya kibanda cha mama ntilie, huwa najua kwamba hapo hakuvutwa na makombo tu. Ukimtazama vizuri amechagua upande wanaokaa watu, na kama hakuna anayemtimua, baada ya muda anakuwa amejisogeza hadi mkia unagusa benchi.

Najua wapo wasomaji wa Pwani na wengine Waislamu ambao mate ya mbwa kwao ni najisi, na wengi wa Pwani wanafuata madhehebu ya Shafii ambayo yana taratibu kali za kuosha. Siwaambii wakumbatie mbwa. Twahara ya mtu ni yake na dini yake. Ila hao hao wanaisoma Surat al-Kahf, na wanamjua yule mbwa wa vijana wa pangoni, aliyelala amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini wakati wenzake wamelala ndani. Yuko mlangoni, lakini yupo pamoja nao. Mbwa anaweza kuridhika kwa ukaribu wa namna hiyo: banda lielekee mlango wa nyumba badala ya kutazama ukuta wa nyuma, mtu aketi jirani naye jioni, amwite jina. Kumtenga mbwa mahali asipomwona wala kumnusa mtu kutwa nzima, hilo sijasikia dini inayoliamuru.

Jirani yangu, mzee mmoja ninayemheshimu sana, huniambia, "Binti yangu, huyo mbwa umemharibu. Mwizi akija atamlamba miguu." Huwa namjibu, "Shikamoo mzee, mbona jana ulipogonga geti alitaka kulibomoa?" Mbwa anamjua mgeni kwa sababu anawajua wa kwake. Jaribio la Budapest linasema hivyo hivyo: mbwa yule yule anayemng'ang'ania mwenye wake hakumpokea mgeni vile. Anayeng'ata kila mtu, pamoja na watoto wa nyumba, huyo si mlinzi. Ni mnyama aliyejaa hofu.

Hofu nayo inabidi tuijue sura yake, kwa sababu si kila aina ya kugusana mbwa anaipenda. Wengi hawapendi kukabwa shingoni kwa mikono miwili, vile watoto wanavyopenda kufanya. Mbwa aliyekerwa anageuza uso, analamba pua, anapiga miayo hana usingizi, anaonyesha weupe wa macho. Akifika kunguruma ameshaomba muda mrefu bila kusikilizwa. Afadhali ukae, umwache aje, umkune kifuani au chini ya sikio, kisha usimamishe mkono. Akisogea, endelea. Akibaki alipo, mwache. Na mbwa asiye na kawaida ya kuganda akianza ghafla kukuganda kila hatua, hataki kulala peke yake, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Huenda ana maumivu, au anaanza kupoteza macho au masikio. Radi nayo huwaleta uvunguni hata wale majabari.

Kuhusu magonjwa sitaki kumficha mtu. Mbwa ana minyoo, kupe na viroboto, na kwa Waturkana wa kaskazini mwa Kenya, ambako mbwa na watoto huishi karibu sana, minyoo ya mbwa imeleta uvimbe mkubwa wa ini kwa watu wengi. Dawa ya minyoo inatolewa kwa ratiba, na mikono inanawa. Kubwa kuliko yote ni kichaa cha mbwa, kinachokadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, wengi wao Afrika na Asia. Kinazuilika kabisa. Mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa katika eneo, ugonjwa unakosa pa kupita.

Na hapo ndipo wanaosema tusiguse mbwa wananishangaza zaidi. Siku ya chanjo nenda uwanja wa kijiji ukaone. Watoto wanakuja na mbwa wamefungwa kamba za katani. Kuna mbwa anafika, anakaa katikati ya magoti ya mwenye wake, anawekewa mkono shingoni, sindano inaingia na kutoka, anatikisa mkia, kadi inaandikwa. Huyo ni mbwa anayeshikwa kila siku nyumbani. Nyuma yake kuna mwingine, mkubwa, wa mnyororo. Wanaume wawili wanamvuta, anajitupa chini, anatafuna kamba, povu la woga mdomoni, na hata mwenye wake anaogopa kumshika kichwa. Bwana mifugo anasimama na sindano yake, anangoja, anatazama foleni, mwishowe anasema mrudisheni nyumbani. Wengine wa namna hiyo hawaletwi kabisa, kwa kuwa hakuna mtu pale nyumbani anayeweza kumtoa bandani. Usiku geti likifungwa anafunguliwa kama kawaida, bila chanjo, na asubuhi watoto wa shule wanapita hapo hapo.