Walimpaka nani, wakapima nini?

Siku hizi krimu ya uso haiuzwi tena kwa picha ya binti wa miaka 20 anayetabasamu. Inauzwa na watu waliovaa makoti meupe. Kampuni inasema kazi yake ni sayansi ya kuzeeka kwa ngozi, inakuonyesha seli chini ya hadubini, kisha inakusimulia habari za seli zilizochoka, zisizogawanyika tena ila zimegoma kufa. Dawa yake, unaambiwa, ni peptidi (kipande kifupi cha protini) iliyomo kwenye kichupa hiki.

Sizidharau kampuni hizi. Seli hizo zipo kweli. Mwaka 1961 watafiti Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za binadamu zikikuzwa maabara hugawanyika mara 50 hivi, halafu basi. Baadaye ikajulikana kwamba zilizosimama hutoa kemikali zinazochokoza seli jirani na kusaidia kuvunja kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Ninachogombania ni ile safari ya kutoka kwenye kisahani cha maabara hadi kwenye shavu la mtu, ambayo matangazo huiruka kama haipo.

Tabaka la juu la ngozi limeumbwa kuzuia vitu visipite. Kanuni wanayoitumia wataalamu wengi ni kwamba molekuli yenye uzito unaozidi dalton 500 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupenya kwa tabu sana. Kolajeni ina takriban dalton 300,000! Ukiipaka inabaki juu, inashika maji, ngozi inakuwa laini mpaka utakaponawa. Peptidi ni ndogo kuliko kolajeni, lakini nyingi nazo zimevuka kikomo hicho. Seli zilizo kwenye kisahani hazina kizuizi chochote. Unazimwagia kitu moja kwa moja.

Halafu kuna zile asilimia. "Asilimia 90 waliona ngozi imenawiri." Shuka kwenye maandishi madogo: watu wachache, wiki chache, waliulizwa wanajionaje. Krimu yoyote inayotunza maji hujaza vile vikunjo vyembamba kwa muda, kwa hiyo lazima wangejiona wamependeza. Hapo peptidi haijapimwa hata kidogo.

Kupima kunawezekana, maana kumeshafanyika. Kule Nambour, Australia, watafiti waliwagawa watu kwa bahati nasibu: wengine wapake losheni ya kukinga jua kila siku, wengine wapake wanavyojisikia. Kwenye suala la kuzeeka kwa ngozi walifuatiliwa watu wazima 903 walio chini ya miaka 55. Baada ya miaka minne na nusu, kuzeeka kwa ngozi ya waliopaka kila siku kulikuwa pungufu kwa asilimia 24. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Utafiti huohuo ulijaribu pia vidonge vya beta-karotini (rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A), na havikuonyesha faida ya jumla. Huo ndio uungwana ninaoupenda: kutangaza na kilichoshindwa.

Tretinoini, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A, nayo ilipita tanuru hilo la kupimwa. Daktari wa ngozi Albert Kligman na wenzake waliandika mwaka 1986 kuhusu kuitumia kwa ngozi iliyoharibiwa na jua, na mwaka 1995 Marekani ikaidhinisha krimu yake ya mikunjo myembamba, kama dawa. (Kligman huyohuyo ndiye aliyefanyia majaribio wafungwa wa gereza la Holmesburg kule Philadelphia. Sayansi ya ngozi haina mikono safi kama makoti yake.)

Kinachonishangaza ni kwamba jaribio ninalolitaka si gumu. Upande mmoja wa uso upakwe krimu yenye peptidi, upande wa pili krimu ileile isiyo na peptidi. Mwaka mzima. Anayepima mikunjo asijue upande upi ni upi, na matokeo yachapishwe hata yakiwa mabaya. Kampuni yenye wawekezaji na maabara yake haishindwi kulipia hilo. Ikilifanya na tofauti ikaonekana, hata iwe ndogo, nitanunua bila kinyongo. Kwa sasa hela yangu inaishia kwenye losheni ya kukinga jua.