Marahaba Bila Shikamoo

Nimekaa hapa mapokezi ya hoteli, Istanbul, mguu wa kulia raba nyeupe, mguu wa kushoto raba rangi ya andazi lililoungua. Ni jozi moja. Nimezinunua Kariakoo wiki iliyopita kwa ajili ya safari hii, na muuzaji aliniapia kwa mama yake kwamba hazishiki uchafu.

Ziara ya kikundi kwenda Kapadokia inaanza kesho alfajiri, na kikao cha kujuana ni saa kumi na mbili jioni hii. Aliyenishauri nitangulie siku moja ni shemeji. "Tiketi nafuu, shemeji, na unapata siku nzima ya kuuona mji." Ndiye huyohuyo aliyeniingiza kwenye ufugaji wa kware.

Basi asubuhi nikachomekea, nikatoka kama balozi. Kijana anayefagia mlangoni akanitazama usoni: "Marahaba!" Nikasimama. Mimi nina wajukuu wawili. Sijampa shikamoo, na hata ningeteleza nikampa, angeipokea kwa ndevu zipi? Mbele kidogo muuza simit, ile mikate ya duara yenye ufuta: marahaba. Dereva teksi: marahaba. Hadi saa nne nilikuwa nimeitikiwa na vijana wote wa Sultanahmet bila kumwamkia hata mmoja. Baadaye nikaelezwa kwamba "merhaba" ya Waturuki ni salamu tu, haina mkubwa wala mdogo. Sawa. Lakini moyo ulikuwa umeshaingia doa.

Ayasofya, yuro 25. Nikaisoma tena, labda nimekosea. Wanaokwenda kuswali wana mlango wao, bure. Sisi wageni wa kushangaa tunakata tiketi, tunapandishwa ghorofani. Nikapiga hesabu kwa shilingi, nikauona mfuko wa sembe unanikodolea macho. Nikaliangalia kwa nje. Jengo la mwaka 537: kanisa, mwaka 1453 likawa msikiti, baadaye makumbusho, mwaka 2020 msikiti tena. Limebadilisha kazi kumzidi shemeji, na halijafuga kware hata siku moja.

Ng'ambo ya bustani, Msikiti wa Sultan Ahmed hauna kiingilio. Minara 6, nimeihesabu mara mbili. Nikavua raba mlangoni, nikazibeba mkononi, zote mbili nyeupe pe. Ndiyo mara ya mwisho kuziona zikifanana.

Nikateremka kwa miguu mpaka Daraja la Galata. Pale wanaume wamejipanga ukingoni na mishipi yao, kila mmoja na ndoo yenye visamaki vitatu, kana kwamba nyumbani wamefukuzwa. Nikawa nawaonea huruma. Mara jamaa mmoja akanipita mbio, kisanduku begani, brashi ikamdondoka. Pa!

Sasa wewe ungefanyaje? Nikaokota, nikamkimbilia. "Kaka! Brashi!" Akageuka, mkono kifuani, machozi yanalengalenga, utadhani nimemrudishia mtoto aliyepotea Manzese. Akakaa kwenye kigoda, akauvuta mguu wangu wa kushoto. Asante yake ni kunipigia kiwi.

Nikamwambia, bwana, hii ni raba. Ni turubai. Ni nyeupe. Akatabasamu, akachovya brashi kwenye rangi ya kahawia.

Mimi ni mtu wa Kariakoo. Nilishauziwa kipande cha sabuni ndani ya boksi la simu, nikajiapiza kwamba basi, elimu nimemaliza. Na hapo nimesimama mguu mmoja kama korongo, watu wanapita wananipiga picha.

Alipomaliza akanyoosha kiganja. "Para." Nikauvuta mguu. Nilijua anataka kunipara kama samaki changu wa soko la Feri. "Para, para," huku anasugua vidole. Ahaa. Kumbe kwao para ni hela.

Kiingereza chake cha kuombea maji, changu cha kuombea chumvi, lakini shida zikasikika. Akasema mtoto wake yuko hospitali. Nikamwambia wangu wawili wako chuo, mkopo wamekosa. Akasema kodi ya nyumba. Nikamwonyesha vidole sita: miezi sita, kwa mkupuo. Akaguna. Nikamtajia kikoba, michango ya harusi tatu, na mafao yangu ambayo faili lake halionekani. Tulifanana na wagonjwa wawili kwenye dirisha la dawa. Mwishowe akakubali nusu ya alichotaka. Nikalipa kwa ushindi. Akahesabu, akafunga kisanduku, akasimama.

"Na huu mwingine?"

Akaonyesha zile noti. Nusu ya hela, mguu mmoja.

Sijakaa sawa, hatua ishirini mbele, pa! Brashi chini, mbele ya mzungu mmoja. Yule hakuinama. Aliiruka tu! Akaendelea kula barafu yake! Nauliza, yeye alilelewa na nani? Maana mimi marehemu mama alinichapa kwa sababu ya kijiko cha jirani. Okota, mpe mwenyewe, sema samahani. Samahani ya nini, mama? Ya nini?

Soko Kuu, lile lenye maelfu ya maduka, niliingia kutafuta kitu kimoja, spiriti ya kutolea rangi. Nimetoka na taa ya vioo vya rangirangi. Usiniulize.

Sasa hivi nakunywa chai ya tatu. Inaitwa chai kama kwetu, ila bilauri yenyewe ni ya kunywea dawa ya kikohozi, na nilipoomba maziwa kijana alinitazama kama nimemwomba figo. Paka mmoja, na hapa paka wana amri kuliko wapangaji, ameulalia mguu wa kahawia, akaufunika wote. Namwacha. Wenzangu wameanza kuingia na mabegi yao ya magurudumu, viatu vyao vinafanana viwiliviwili. Kiongozi naye huyo, na kibendera chake, anaomba tusimame tupige picha ya pamoja.

Paka haamki.