Fundi Ameacha Nyumba Kwenye Lenta: Umshitaki au Umalize Kazi?

Kuta zimefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, hela imeshatoka zaidi ya nusu, fundi hapokei simu, na Oktoba inakatika. Kwa anayejenga Uyole, Ipogolo au Makambako hakuna wakati mbaya kuliko huo. Mvua za Nyanda za Juu Kusini zikianza Novemba zinakwenda hadi Aprili, na Rungwe zinapitiliza. Kuta za matofali ya kuchoma zilizojengwa kwa udongo zikiloa bila paa huanza kulegea kozi za juu, yaani mistari ya matofali ya juu. Hapo ndipo ushauri unapogawanyika: huyu anasema mpeleke mahakamani, yule anasema achana naye, tafuta fundi mwingine umalize.

Wote wana hoja, ila wote huruka jambo moja: kupima kazi iliyofanyika kabla fundi mpya hajaweka hata tofali. Mwite mkadiriaji majenzi (mtaalamu wa kupima na kuthamini kazi ya ujenzi), au fundi mzoefu ambaye siye utakayempa kazi, pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Hesabuni kozi, urefu wa lenta, nondo na mifuko ya simenti iliyobaki stoo. Pigeni picha, andikeni karatasi, wote mtie saini. Kazi ikishaendelea, nani alijenga nini kunafunikwa na plasta, na dai lako linabaki maneno matupu.

Vipimo hivyo ndivyo vinavyozaa hesabu. Tuseme mlikubaliana ufundi wa shilingi 6,000,000 hadi kupaua. Umelipa 4,200,000, na kazi iliyosimama inathaminiwa 2,800,000. Wengi hudai 1,400,000 waliyozidisha. Lakini fundi wa pili anataka 3,900,000 kumalizia, kwa hiyo nyumba itakugharimu 8,100,000 badala ya 6,000,000. Hasara yako ni 2,100,000, na hiyo ndiyo inayoendana na kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, kinachompa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana na kuvunjwa huko. Usidai zote mbili, maana ile 1,400,000 imo tayari ndani ya 2,100,000.

Kifungu hicho hicho kinataka uangaliwe pia uwezo uliokuwepo wa kuzuia hasara isikue. Aliyeacha kuta zinyeshewe miezi minne, ilhali angeweza kuzifunika kwa turubai, atapata tabu kumbebesha fundi gharama yote ya ukuta ulioanguka. Hapa wanaosema "malizia kwanza" wana haki kubwa: kumalizia kazi hakuui dai lako, mradi vipimo vimetangulia na risiti zimetunzwa. Dai la mkataba lina miaka 6 kufunguliwa.

Fundi naye asikilizwe. Migogoro mingi ya mkataba wa ufundi tupu, ambao vifaa hununua mwenye nyumba, huanza kwa mwenye nyumba: kokoto zimechelewa wiki tatu, mbao hazijafika kutoka Mafinga, au ameongeza chumba bila kuongeza bei. Fundi aliyekaa saiti bila vifaa hajavunja mkataba kwa kwenda kutafuta kibarua kingine. Kwa hiyo barua ya kwanza isiwe ya matusi. Itaje kilichobaki, ithibitishe kwamba vifaa vipo, na impe siku 14 za kurudi. Asiporudi, kifungu cha 39 cha sheria hiyo hiyo ya mikataba kinakuruhusu kuusitisha mkataba, isipokuwa kama kwa maneno au vitendo ulionyesha kwamba unaendelea nao. Ndiyo maana kumtumia laki mbili "ya nauli arudi" baada ya kutoweka ni kosa linalowagharimu wengi.

Polisi ndiko watu wanakokimbilia kwanza, na mara nyingi wanarudishwa: hilo ni shauri la madai, si jinai. Sura hubadilika pale tu udanganyifu ulipokuwepo tangu mwanzo, mathalani amechukua hela ya mabati kwa risiti ya kughushi. Kushikilia mashine yake ya zege ili alipe ni hatari zaidi, kwani aliyekuwa mlalamikaji anaweza kujikuta mshitakiwa.

Kama ni mkandarasi aliyesajiliwa, lalamika pia Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Bodi inaweza kumchukulia hatua za nidhamu hadi kumfuta, na tishio hilo peke yake huwarudisha wengi saiti. Fundi wa mtaani haguswi na njia hiyo. Kwake yeye njia ni Mahakama ya Mwanzo, inayosikiliza madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kwa Kiswahili, na unaweza kujisimamia bila wakili. Peleka mkataba kama upo, karatasi ya vipimo, taarifa ya miamala ya simu na ujumbe mliotumiana. Ujumbe wa simu ni ushahidi, kwa hiyo simu hiyo usiiuze wala usiifute.

Ugumu uko baada ya hukumu. Fundi aliyehamia Tunduma bila kiwanja wala pikipiki hana cha kukamatwa, na zana zake za kazi zina kinga ya sheria. Kwa maoni yetu, kabla ya kulipia kufungua dai uliza kwanza ana mali gani na iko wapi. Akiwa nayo, mshitaki huku ukiendelea kupaua. Akiwa hana, makubaliano ya maandishi mbele ya mtendaji wa kata yana faida zaidi: akiri kiasi anachodaiwa, arudishe kwa awamu zenye tarehe au afanye kazi maalumu kama plasta ya vyumba viwili, na awepo mdhamini mwenye makazi yanayojulikana, naye atie saini. Akikiuka, karatasi hiyo inafanya kesi iwe fupi sana, kwa sababu deni ameshalikiri mwenyewe.