Altrasaundi inaona nini kwenye kizazi chenye adenomayosisi?

Karatasi ya majibu inasema "kizazi ni kikubwa kuliko kawaida", basi. Mwanamke aliyekuja na hedhi nzito na maumivu chini ya kitovu anarudi nyumbani na sentensi hiyo moja. Mtaani ataambiwa ni faibroidi, ingawa picha haikuonyesha uvimbe wowote wenye mpaka.

Adenomayosisi ni tishu ya utando wa ndani wa kizazi inayoota katikati ya msuli wake. Zamani uhakika ulipatikana kizazi kikishatolewa na vipande vyake kuwekwa chini ya hadubini, yaani jibu lilikuja baada ya tiba ya mwisho. Ndiyo maana wanaoitetea altrasaundi wana hoja nzito: leo mwenye miaka 28 anayetafuta mtoto anaweza kupata jibu akiwa bado na kizazi chake. Mwaka 2015 wataalamu wa MUSA, kundi la kimataifa la altrasaundi ya kizazi, walikubaliana lugha moja ya kueleza picha ya msuli wa kizazi, na mwaka 2022 dalili zikagawanywa mafungu mawili. Za moja kwa moja ni vijifuko vya maji ndani ya msuli, visiwa vyeupe, na vistari au vichipukizi vinavyotoka kwenye utando. Za pembeni ni kama kizazi kuwa duara, ukuta mmoja kuuzidi mwingine unene, na vivuli vinavyotawanyika mithili ya upepeo. Mishipa ya damu nayo husema kitu: kwenye faibroidi huzunguka pembezoni, kwenye adenomayosisi hupita katikati.

Wenye shaka nao wana lao. Dalili hizi huonekana hata kwa wanawake wasio na malalamiko yoyote. Msuli ukijikaza wakati wa kipimo, upande mmoja huonekana mnene. Subiri dakika chache, unalegea. Na faibroidi zikiwa nyingi, hufunika kila kitu. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, husaidia hapo, ila kwa usahihi haijaiacha mbali altrasaundi ya ukeni.

Ya ukeni, nasisitiza. Ile ya juu ya tumbo, ya kunywa maji mpaka kibofu kijae, ni vigumu kuona kijifuko cha milimita chache. Ya ukeni hufanywa kibofu kikiwa kitupu, lakini wengi huionea haya, na msichana ambaye hajaanza kujamiiana kwa kawaida hafanyiwi.

Kwangu mimi, dalili moja ya pembeni haitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Afadhali karatasi iandike "vijifuko viwili, ukuta wa nyuma" na kuliacha jina. Daktari ataoanisha hayo na hedhi anayosimuliwa, idadi ya pedi kwa siku, maumivu yanaanza lini, kabla hajazungumzia kitanzi chenye homoni au kisu.